Masafa Yetu Walipopewa Wengine

Hasira hii nimekaa nayo tangu miaka ile ya soko huria, na sijaona sababu ya kuiacha.

Nilikuwa mkunga katika zahanati ya kijiji huko Iramba, si mbali na Ulemo. Simu hatukuwa nayo. Tulikuwa na redio ya upepo, ile ya kubonyeza ukisema na kuachia ukisikiliza, ikitumia betri ya gari. Fundi aliyeifunga aliitegea masafa ya aina moja tu, yaani njia moja ya hewani kati yetu na hospitali ya wilaya. Nikiita, gari la wagonjwa linakuja. Basi.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, zikaanza kuingia sauti za wanaume. Walizungumza dizeli, matairi, lori lililokwama Manyoni. Nilidhani ni hitilafu itakayopita.

Kisha akaletwa mwanamke mwenye uchungu tangu jana yake. Nilipompima nikakuta mkono wa mtoto umetangulia. Huyo ni wa kupasuliwa, tena haraka. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nikakimbilia redio.

"Hospitali, hospitali, zahanati inawaita. Nina mzazi mahututi. Ova."

Akajibu mwanamume. "Wewe mama, toka kwenye njia yetu. Tuna magari barabarani."

"Kaka, nina mtu anakufa hapa!"

"Njia hii tumeilipia."

Wakaendelea na matairi yao. Niliita hadi sauti ikakauka. Hospitali haikunisikia hata neno moja. Mume wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaniuliza, "Kwani upepo nao unagawiwa, kama shamba?"

Tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara kuu, mimi nikiwa nimempakata kichwa. Fuso la vitunguu likatubeba. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa ameshakufa.

Wiki iliyofuata nilipanda basi hadi Singida mjini, nikaulizauliza mpaka nikaipata yadi ya malori hayo. Kijana aliyekaa kwenye redio aliinuka akanisalimu vizuri, "Shikamoo mama, karibu." Nikaitambua sauti yake papo hapo. Nilimwambia mimi ni nani na nini kilitokea. Akanionyesha leseni ukutani, yenye mhuri wa serikali. Namba za masafa zilikuwa zilezile zilizobandikwa kwenye redio yetu.

"Mama, sisi tuliomba, tukapewa. Nilifikiri ninyi ndio mmeingilia."

Nilitaka kumchukia yeye peke yake, ingekuwa rahisi. Lakini mhuri haukuwa wake. Nikasafiri tena, hadi ofisi inayogawa masafa. Bwana aliyenipokea alifungua jalada, akasema kibali cha zahanati kilikuwa kimekwisha muda na tangazo lilitolewa katika gazeti la serikali.

"Gazeti hilo linafika kijijini kwetu?"

"Mama, mambo yamebadilika. Siku hizi ni ushindani. Anayehitaji anakuja kuomba."

"Na mzazi mwenye uchungu naye aje kushindana na malori?"

Akafunga jalada. Akaniambia niandike barua.

Niliandika. Nikaandika tena. Kwa muda wote huo waliotusaidia ni wale wa yadi. Yule kijana alimshawishi tajiri wake, wakakubaliana na hospitali kwamba kila saa kamili madereva wanyamaze dakika tano, na mgonjwa akitajwa wanyamaze kabisa. Walitimiza. Mara mbili kijana huyo mwenyewe alipokea wito wangu na kuufikisha hospitali. Watu wa malori na wakunga walipatana hewani kwa maneno matupu, bila mhuri wowote, jambo ambalo ofisi nzima ilishindwa kulifanya.

Fundi wa masafa mapya, aliyetumwa na ofisi ile, alikuja mwaka uliofuata. Alibadilisha kitu kidogo ndani ya redio, kazi ya nusu saa, akanywa chai, akaniomba nitie sahihi kwamba nimeridhika na huduma.

Nilikataa kutia sahihi. Alishangaa, akasema bila sahihi hawezi kufunga jalada. Nikamwambia aliache wazi.