Chaza Waliohama Mawe ya Fisi Maji

Mkasa huu sijawahi kuusimulia mwenyewe. Husimuliwa na wengine mbele yangu huku mimi nikitazama vidole vyangu vya miguu, na kila mmoja huongeza chumvi yake, kwa hiyo nimeona niuandike polepole kama ninavyoweza (niliishia darasa la saba, na kalamu kwangu ni nzito kuliko kasia), ili angalau aibu ibaki na ukubwa wake wa kweli. Ukubwa wake wa kweli unatosha.

Naishi Kasingirima kwa shangazi yangu Zuhura. Kazi yake ni kukusanya maganda ya chaza, kuyaanika, kuyatwanga na kuwapelekea wafuga kuku wa Katubuka na Buzebazeba. Chaza wa ziwa letu hukaa kwenye mawe chini ya maji, wamegandamana nayo kama wamepigwa saruji, na kumtoa mmoja kunataka patasi na pumzi. Pumzi ninayo. Maneno ndiyo sina, mtu akinisalimia barabarani namjibu akishapita.

Mwaka huu alikuja mtaalamu mmoja, Daktari Furaha (daktari wa viumbe vya majini, si wa sindano, ingawa shangazi alimweleza habari za magoti yake kwa muda mrefu kabla ya kuelewa). Alitaka kujua koo za chaza wetu. Alikuwa anakata kinyama kidogo kama punje ya mahindi, anakitia kwenye kichupa chenye spiriti, na huko maabara wataangalia kama chaza wa mawe haya na wa mawe yale ni ukoo mmoja au wameachana zamani. Alituambia kwamba jiwe lenye chaza wa koo nyingi likipata ugonjwa, baadhi watabaki, lakini wakiwa wote ni ndugu wa karibu ugonjwa mmoja unawazoa. Na ukoo ukiisha kwenye jiwe lake, huwezi kwenda kuuchukua kwingine.

Wakati huo mawe ya hapa mwaloni petu, mitumbwi inapotua, yalikuwa yamefungwa. Kikao chetu wenyewe kiliyafunga ili chaza wapumzike, na Daktari peke yake ndiye aliyeruhusiwa kutoa ishirini, tukamtolea. Yalibaki Mawe ya Fisi Maji, mbali kidogo kwa kasia, na wakusanyaji wote, shangazi akiwa wa kwanza, walitaka wafunguliwe huko. Kikao kilipangwa saa tisa alasiri. Asubuhi yake Daktari alikuwa na safari ya ofisini mjini, akanikabidhi ndoo nyeupe.

"Chaza ishirini wa Fisi Maji, mdogo wangu," akaniambia. "Nakuamini wewe."

Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyoniponza. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo mbele ya watu.

Nilipiga mbizi Fisi Maji tangu jua halijawa kali. Nikashuka, nikapapasa, nikapanda, nikashuka tena, nikazunguka mawe yote mpaka masikio yakaanza kuimba, na nilichopata ni maganda matupu ya zamani na chaza hai sita. Sita. Nikakaa kwenye mtumbwi nikiitazama ile ndoo. Sasa hapa kwetu mwaloni anayerudi na ndoo tupu huulizwa alikuwa amelala kwenye kivuli cha nani, na mimi sina mdomo wa kujibu maswali kama hayo. Nikaona kosa ni langu, kwamba mzamiaji mwingine angewapata.

Wakati wa kurudi nikapita kwenye mawe yetu yaliyofungwa. Nikatazama pwani, hakuna aliyekuwa akinitazama. Nikashuka mara chache tu, nikapanda na kumi na wanne.

Daktari aliporudi alifurahi mno. Akakata vinyama vyote ishirini, akaviweka kwenye vichupa, akaandika kwenye kila kichupa Fisi Maji, Fisi Maji, Fisi Maji, na mimi nilikuwa namshikia vifuniko. Nilikuwa na nafasi ishirini za kusema. Niliendelea kushika vifuniko.

Kikao kikafanyika kwenye kibanda cha kupimia dagaa, watu wamejaa mpaka nje. Mwenyekiti wetu, Mzee Bigirimana, akampa Daktari nafasi, naye akasema majibu ya koo yatachelewa, lakini kuna jambo la kutia moyo. "Kijana wetu ameenda asubuhi moja tu, peke yake, amerudi na ishirini. Maana yake Fisi Maji bado wapo wengi. Mkichukua kwa kiasi, mimi sina pingamizi."

Wakusanyaji wakapiga makofi. Shangazi akanipigia kigelegele kirefu, nikatamani ardhi ifunguke. Mwenyekiti akasema basi, kuanzia kesho asubuhi Fisi Maji ruksa, kama hakuna mwenye neno.

Mimi nilikuwa nalo.

Kabla sijalitoa, Daktari akanipa brashi na beseni, akaniomba niyasugue yale maganda mbele ya watu ili waone umbo la chaza wa Fisi Maji (yalikuwa na ukungu wa kijani na matope). Nikasugua la kwanza, salama. La pili, salama. La tatu, kila nikisugua ukijani unaondoka na ukijani mwingine unatokea chini yake, unang'aa kama mlango mpya.

Nikaligeuza haraka. Shangazi alikuwa amekaa mbele.

"Lete hapa," akasema.

"La kawaida tu hili, shangazi."

"Lete." Akalichukua, akalikwaruza kwa ukucha. "Hii ni rangi ya mtumbwi wangu. Kiangazi kile maji yaliporudi nyuma, chaza wakachungulia juu, wewe ukaniangushia kopo zima juu ya mawe ya hapa hapa. Nilikusema mwezi mzima. Sasa rangi yangu imefikaje Fisi Maji?"

Kibanda kizima kikanitazama. Na mimi, ambaye kwa kawaida sijibu hata salamu, siku hiyo nikajibu.

"Labda wamehama."

Mzee mmoja wa nyavu nyuma akauliza kwa upole kabisa, "Walihama na jiwe lao, au waliliacha?" Hapo ndipo kilipolipuka kicheko. Watu walishikana mabega. Mwingine akasema walipanda boti ya kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, wakashukia njiani.

Daktari hakucheka. Alichutama karibu yangu. "Niambie. Fisi Maji ulipata wangapi?"

"Sita."

"Ulitafuta kote?"

"Mawe yote. Mengine ni maganda tu."

Kicheko kikafa taratibu, kuanzia mbele kwenda nyuma, kadiri watu walivyoelewa. Mwenyekiti akavua kofia. "Ego," akasema kwa Kiha chetu, yaani ndiyo, kama mtu anayejibu msiba. "Na kesho tungekwenda kuwamalizia."

"Sita wenyewe ni wepi?" Daktari akaniuliza, akinisogezea maganda yaliyobaki. Nikayasugua yote. Maganda matatu yalikuwa na rangi, hayo niliweza kuyatenga, ila hayo mengine kumi na saba yalikuwa yamefanana. Sikujua. Wale sita huenda ndio waliokuwa wa mwisho wa ukoo wao, na mimi niliwang'oa, nikawachanganya, na wakafa bila hata kutuambia walikuwa akina nani. Daktari akafuta majina kwenye vichupa kimoja kimoja. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Fisi Maji nayo yakafungwa kabisa siku hiyo hiyo. Shangazi alinyanyua mkono kukubali kama wengine, kisha akakunja gunia lake tupu na kuondoka mbele yangu. 

Siku iliyofuata Daktari alinirudisha kule, yeye mwenyewe akikaa kwenye mtumbwi na daftari. Nilizama mpaka mchana. Nilipata wawili kwenye ufa ambao jana sikuufikia. Safari hii hakutaka niwang'oe. Nilipanda juu nikamwambia, naye akanipa kalamu niandike mwenyewe, na nikaandika polepole: wawili.

Sasa naenda kuwahesabu kila mwezi, na jina langu mwaloni ni Wamehama, hata watoto wananiita hivyo. Nikifunga mtumbwi, shangazi huniuliza bila kuinua macho kwenye kinu chake, "Leo wapo wangapi?" Nami namjibu papo hapo, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, hata mwezi ule niliorudi na jibu la mmoja.