Jina Tuliloliacha Mlimani

Nilipokuwa mtoto, mdogo wangu aliitwa Takataka. Kwa Kigujarati chetu cha nyumbani ilikuwa Kachro, lakini maana ni hiyo hiyo, yale yanayofagiwa asubuhi na kumwagwa jalalani. Mama ndiye aliyempa jina hilo, na hapakuwa na mtu duniani aliyempenda Kachro kama mama.

Kabla yake, mama alikuwa amezika wavulana wawili, na wote hawakuwahi hata kuota meno. Kwa imani ya wazee wetu, kifo huchagua kilicho kizuri. Basi huyu wa tatu, naye mvulana, alipozaliwa alipewa jina baya, akatobolewa pua, akavishwa magauni yangu makuukuu, na nywele zake hazikuguswa na wembe. Zilimfika kiunoni. Askari wa boma waliokuja dukani kununua sigara walimsifu, "Binti mzuri huyu!" na mama akatema mate pembeni haraka, kwa kuogopa sifa. Kachro mwenyewe aliwatolea ulimi.

Hiyo ilikuwa Morogoro ya Mdachi. Reli ilikuwa imeshafika, na baba yangu alikuwa na duka dogo la chumvi, kaniki na mafuta ya taa. Ukisimama mlangoni uliona milima ya Uluguru yote, kama mawingu yamekubali. Mama hakupenda kuitazama. Ilimkumbusha mlima mwingine, huko Bara Hindi, ambako Mata, mungu mama wa ukoo wetu, ana hekalu lake. Alikuwa amemwekea Mata nadhiri: mtoto akiishi, yeye atatembea peku kumpeleka mpaka mlimani kwake, mtoto atanyolewa mbele yake, nywele zitaachwa hapo, na hapo ndipo atavuliwa jina la Kachro na kupewa jina lake la kweli. Jina hilo mama alilichagua angali mjamzito. Hakuwa amemtajia mtu, hata baba.

Miaka ikapita, na safari ya meli ikawa ya mwakani, halafu ya mwaka mwingine. Kisha Kachro akashikwa na homa. Ilikuwa inaondoka na kurudi, na kila iliporudi ilimwacha mwembamba zaidi. Mama hakuwa na shaka yoyote: Mata amechoka kungoja deni lake.

Ikawa Brahmini mmoja msafiri, kuhani wa dini yetu, aliteremka kwenye gari moshi, akalala kwetu, na asubuhi akautazama mlima. Akasema Mata hukaa kwenye kila kilele. Tutafute mwamba ulio penye maji, tuupake unga mwekundu, atakuja. Halafu akapanda gari moshi akaenda zake. Ni rahisi kumweka mungu mlimani ikiwa si wewe utakayepanda.

Tulihitaji mtu wa kutuongoza, na baba akamwomba Bi Kobelo. Huyu alikuwa Mluguru wa huko juu, mjane, aliyetuletea ndizi na maharage akachukua chumvi. Alikuwa na mdomo. Kila nilipomwamkia, "Shikamoo, Bi Kobelo," aliitikia, "Marahaba, mwenye miguu ya kuku." Siku baba alipomweleza safari yetu, hakutania.

"Mnakwenda kuomba kwa nani?" aliuliza.

"Kwa Mata. Mungu wetu."

"Na wenyeji wa kule mmewaambia?"

Baba akarudia kupima chumvi. Bi Kobelo akamtazama Kachro aliyelala juu ya gunia, midomo imekauka kwa homa, akasema basi, atatupeleka, lakini ndani ya msitu tutamfuata yeye.

Tuliondoka kulipopambazuka, sisi wanne na yeye. Mama alitembea peku, kwa sababu nadhiri ilisema hivyo. Baba alimbeba Kachro mgongoni, mimi nikabeba nazi na taa ndogo ya samli. Tulivuka mashamba ya Kilakala, tukapanda katikati ya migomba, tukapita nyumba za mwisho ambako watoto walitukimbilia kumwangalia Mhindi aliyebeba mtoto kama mwanamke. Jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa na furaha. Nilidhani tunakwenda karamuni.

Msitu ulianza ghafla. Bi Kobelo alisimama, akafungua kifundo cha khanga yake, akaweka unga kidogo chini ya jiwe. Kisha akatugeukia.

"Humu hakuna kupiga miluzi. Ukiona kitu cha ajabu, nyamaza. Na humu hatuitani majina. Ukimtaka mwenzio, mguse."

"Kwa nini?" niliuliza.

"Kwa sababu si sisi peke yetu wenye masikio."

Tangu hapo furaha yangu iliisha. Ndani mlikuwa na giza la kijani, na baridi ambayo mjini hatukuijua. Miti ilikuwa imevaa kuvumwani mpaka juu, maji yalidondoka na hakukuwa na mvua. Mbega walituangalia kutoka matawini na nyuso zao nyeupe, bila kukimbia. Nilitembea nimeshika pindo la sari ya mama, na niliona visigino vyake vinatoka damu. Hakulalamika hata mara moja. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na nikajua anamtaja Mata kwa kila hatua, kama inavyopasa, lakini kimya, kwa kumheshimu Bi Kobelo.

Mwamba tuliupata kando ya kijito, juu ya bonde ambalo chini yake hakukuonekana. Bi Kobelo alisema yeye atakaa kando, hayo ni ya kwetu. Mama akaupaka mwamba unga mwekundu, akawasha taa, baba akavunja nazi. Kwa desturi yetu shangazi wa mtoto ndiye anayekinga nywele na ndiye anayetaja jina, lakini shangazi alikuwa ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo nywele nilikinga mimi, kwenye gauni langu, na kazi ya kutaja jina akaichukua mama.

Baba alinyoa polepole. Nywele zilianguka mapajani mwangu, nyingi, zenye unyevu, na nilishangaa zilivyo nzito. Kachro alitoka na kichwa kidogo cheupe, masikio yamesimama, mgeni kabisa. Mama akamshika mabega. Akamwambia kuanzia leo yeye si takataka tena, na kwamba yeye, mama yake, mbele ya Mata anaapa kutolitamka jina lile mpaka kufa. Kisha akalitaja jina la kweli. Alilitaja kwa sauti kubwa, uso wake umeelekea mlimani, mara tatu, ili Mata asikie vizuri. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Nyuma yetu Bi Kobelo aliinuka kwa ghafla, mkono mdomoni.

Ukungu ulikuja kutoka bondeni. Naapa haukuja kama ukungu unavyokuja siku zote, kwa kunyemelea. Ulipanda ukaingia kati yetu, na taa ya samli ikazimika. Sikuuona mkono wangu. Nilisikia kijito, na meno yangu yakigongana. Ulipopungua kidogo niliwaona baba, na mama, na Bi Kobelo. Kachro hakuwepo.

Mama hakupiga kelele kwanza. Alipapasa mahali alipokuwa amesimama mtoto, kama aliyeangusha sindano. Ndipo akaita. Akaita lile jina jipya, zuri, tena na tena, na sauti yake ikaenda bondeni ikapotea. Akanyamaza ili asikilize.

Na jina likarudi.

Nimekaa na jambo hili maisha yangu yote, na najua neno mwangwi. Lakini mwangwi hufuata mara moja. Hili lilikawia. Mama alikuwa ameshanyamaza, baba alikuwa kando yangu amefunga mdomo, na kutoka upande wa pili wa bonde kitu kililitaja jina la mdogo wangu, taratibu, kama mtu anayejifunza neno. Mkojo ulinitoka. Sioni haya kulisema. Nawe ungekuwapo ungelowa.

Mama alifungua mdomo kuitikia. Bi Kobelo akamfikia akamziba kwa kiganja.

"Nyamaza, mama! Unamwita nani? Hilo jina wameshalisikia. Ukiliita tena unawapa." Alikuwa anatetemeka, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko sauti, maana nilidhani yeye haogopi. "Mwite kwa lile la zamani. Lile baya. Hilo hawalitaki."

Mama alijinasua. "Siwezi. Nimeapa. Mata yuko hapa, amenisikia sasa hivi. Nikivunja kiapo mbele yake atamchukua."

"Na usipoita?"

Baba alisema, "Nitaita mimi."

"Sauti yako hataijua kwenye ukungu," Bi Kobelo alimjibu. "Mtoto humfuata mama."

Nilikuwa nimekaa palepale, nimekunja gauni, nywele za Kachro mapajani, nikiogopa hata kupumua unywele usije ukaanguka. Nilimwona mama akiutazama mwamba, ule unga mwekundu ukichuruzika kwa maji. Kule kulikuwa na mungu aliyempa mtoto, na huku kulikuwa na wenyeji wasioonekana wanaomtaka. Alikuwa katikati, peku, na miguu inatoka damu. Sina neno la kueleza uso wake. Aliinama akagusa mwamba kwa paji la uso, kisha akasimama.

"Kachro!" aliita. "Kachro! Kachro wangu!"

Aliita takataka, takataka, takataka yangu, kwa sauti ya mtu anayeomba roho yake. Msitu ulinyamaza. Akaita tena. Na kutoka karibu, karibu sana, chini kidogo ya tulipokuwa, kikatoka kijisauti cha kukereka:

"Nini?"

Alikuwa amekaa ndani ya kichaka cha kangaga, pale pale bonde linapoanzia, miguu inaning'inia hewani. Baba alimvuta kwa kwapa. Mama alimpiga kofi, kisha akamkumbatia mpaka akakohoa.

"Kwa nini hukuitika?" baba alimuuliza. "Hukusikia tunaita?"

"Nilisikia mnamwita mtoto mwingine," Kachro alisema. "Nikakaa nimwone akija."

Baba alianza kucheka, cheko la mtu aliyefunguliwa kamba. Na ilikuwa kweli: ndiyo kwanza apewe jina, angelijuaje? Ningependa tungeishia hapo. Lakini Bi Kobelo alichuchumaa mbele yake, akauliza kwa upole ambao sikumjua nao.

"Akaja?"

"Akaja. Amepita hapa." Kachro akaonyesha kwa kidole chake chembamba kule tulikowasha taa. "Alikuwa na baridi."

Bi Kobelo alinitazama mimi na gauni langu. Kwanza, alisema, alikuwa anataka kutuambia nywele zirudi nasi mjini, maana mwenye kuacha nywele msituni ameacha mkono wake. Lakini sasa zibaki. Zibaki na lile jina. Aliyeliitikia apewe vyake, atuachie wetu.

Mama alizichukua kutoka mapajani mwangu, akaziweka chini ya mwamba wa Mata, na juu yake akaweka gauni alilomvua Kachro palepale. Alilikunja vizuri, kama nguo za mtoto zinavyokunjwa. Tukashuka, na sikugeuka nyuma hata mara moja.

Homa haikurudi. Mama alisema ni Mata, Bi Kobelo alisema ni wenyeji wamepokea, na kila mmoja alimwachia mwenzake mungu wake. Lile jina halikutajwa tena nyumbani kwetu. Mdogo wangu alikua, akaota ndevu, akarithi duka, akapata wajukuu, akafa mzee wa heshima anayeitwa Takataka. Kuhani wetu alipouliza jina la marehemu ili alisome mbele ya moto wa kuchomea maiti, nilimwambia Kachro. Akanisogelea akanong'ona, "Bibi, la kweli." Nikamwambia ndilo hilo. Nami hapa sijaliandika, kama ulivyoona.

Kachro mwenyewe hakukumbuka kitu. Alinicheka kila nilipomsimulia. Huenda alimwona mbega amesimama kwenye ukungu. Huenda kulikuwa na mtoto wa watu wa mlimani anayeokota kuni. Mchana, dukani, nayaamini yote hayo. Mvua ikinyesha milimani siyaamini, na nafunga dirisha la upande ule.

Mama alifanya kinyume. Uzeeni, jioni za mvua, alisimama mlango wa uani akautazama mlima, midomo ikicheza bila sauti. Nilidhani anamwomba Mata. Siku moja mgeni alimuuliza, kama wanawake wanavyoulizana, amejaliwa watoto wangapi. Mama alisema wawili wazima, na watatu amewapoteza. Mgeni alinitazama, maana alijua habari za wale wawili waliozikwa, akadhani uzee umemchanganya.

Nilimimina chai. Sikumsahihisha.