Nilifuta jiwe la kaburi kwenye picha ya kanisa la zamani, ikabidi nilitafute chini ya tiles

Wakuu, salamu kutoka milima ya Taita, upande wa Kenya wa mpaka wa Holili, ambao wengi wenu mnaupita mkiwa mmelala kwenye basi.

Hii kitu imenikaa kifuani wiki tatu. Naiandika yote kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo nilikaribia kudanganya watu kanisani. Mnaotaka kunitukana, niacheni nimalize kwanza.

Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge. Baba alitoka magharibi mwa Kenya kuja kukata mkonge, akabaki hukuhuku. Shule niliacha form one. Tangu hapo nimechimba mawe ya vito, nimeuza vitunguu Miasenyi, nimeosha magari Voi, nimebeba ndizi Taveta.

Sikai mahali. Nikishazoea dirisha la chumba, nahama.

Kitu kimoja tu nimedumu nacho: panorama. Ile picha ambayo ukiifungua kwenye simu unaizungusha kwa kidole, unaona mbele, nyuma, dari, sakafu, kana kwamba umesimama mle ndani. Nilijifunza kwa mgeni mmoja niliyembebea mizigo siku nne. Alipoondoka nikaenda kwa fundi wa welding pale Voi, tukatengeneza kichwa cha tripod, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, kwa vyuma vya kitanda kibovu. Kinafanya kazi mpaka leo.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo, kwa sababu mbele litahitajika.

Funga jicho moja. Inua kidole mbele ya uso, kipange na ukingo wa dirisha. Sasa sogeza kichwa kidogo tu. Umeona kidole kinavyoliacha dirisha? Huyo ndiye adui wa panorama. Kamera lazima izungukie palepale kwenye lenzi, isisogee, la sivyo nguzo iliyo karibu na dirisha lililo mbali hazitakubaliana na picha itakatika.

Tuendelee.

Mimi hupiga vitu vya kale. Makanisa ya mawe, stesheni zilizoachwa, mapango. Huku milimani kuna sehemu ambapo Wadawida wa zamani, yaani Wataita wenyewe, waliweka mafuvu ya wazee wao kwenye mapango ya miamba. Mara ya kwanza nilipotaka kupiga, mtu wa ukoo huo alinisimamisha nje. Akasema, kabla hujatoa kamera, taja jina lako na jina la baba yako, wajue ni nani anawaangalia. Nikataja. Tangu siku hiyo, kwenye mafuvu huwa nauliza kwanza.

Kanisani sikuwahi kuuliza. Nilijiambia kanisa ni mlango wazi, kila mtu anaingia.

Mwaka jana nikapanda kwenye kanisa dogo la mawe, juu kidogo ya Bura. Siyo ile misheni inayojulikana, ni kakanisa ka kijiji na jina nakaa nalo mwenyewe. Ndani mna nguzo nne za mawe, madirisha membamba, mabenchi ya mbao yaliyong'aa kwa kukaliwa. Mama mmoja alikuwa akifagia. Niliona akifika katikati ya njia anazunguka, hapiti hapo. Nikadhani sakafu imepasuka.

Katikati ndipo pazuri kwa panorama. Nikasimika tripod hapohapo. Mguu mmoja ukateleza kwenye kitu laini, nikauwekea kipande cha katoni. Sikuinama hata kuangalia. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na lori linashuka Mwatate na mimi nilitaka kuwa ndani yake.

Sasa, kila panorama ina tundu chini, pale miguu ya tripod inapoonekana. Wengi huweka logo. Mimi nilijifunza kunakili sakafu ya pembeni na kuziba, mpaka ukitazama chini unaona simenti tupu, kama vile picha imepigwa na hewa. Nikaiweka mtandaoni pamoja na namba yangu. Watu wakasifu: mkuu, tripod umeificha wapi? Nikavimba kichwa. Zile picha mbichi nilizoziunganisha nikazifuta zote, simu ilikuwa imejaa.

Wiki tatu zilizopita nikapigiwa simu.

"Wewe ndiye uliyepiga kanisa letu ile picha ya kuzunguka?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi si mama yako, ni nyanya yako. Jiwe letu umelipeleka wapi?"

Anaitwa Nyanya Wakesho; mjukuu ndiye aliyemfungulia picha na kumwambia jiwe halionekani. Babu yake ndiye aliyekuwa mwashi wa kanisa lile. Alianguka kutoka juu kabla paa halijakwisha, wakamzika ndani, katikati ya njia, wakamwekea jiwe lenye msalaba. Ndiyo maana watu wa pale huzunguka.

Mapema mwaka huu nyanya alishuka Mombasa kwa binti yake, akafanyiwa operesheni ya macho. Haikumsaidia sana. Aliporudi, akakuta sakafu yote ina tiles nyeupe, mabenchi yametolewa, kuna viti vya plastiki. Fundi alitoka mbali, hakuambiwa, na yeye akamwaga simenti yake juu ya kila kitu.

Hiyo nayo angeimeza. Lakini Jumatatu iliyofuata walikuwa wanamwaga zege la jukwaa la kwaya, kuanzia mbele mpaka katikati. Babu yake atapigiwa ngoma na spika kichwani kila Jumapili.

Nikapanda kesho yake, mizigo na laptop nikaviacha kwenye chumba nilichokodi Bura. Mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu Mwakio, amestaafu, alikuwa akifundisha hesabu. Si mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

"Nyanya, nionyeshe ni wapi, nitaacha nafasi. Lakini mmoja ananiambia mlangoni, mwingine ananiambia mbele. Siwezi kuvunja sakafu yote niliyochangisha."

"Ni benchi la saba," nyanya akasema.

"Mabenchi hayapo, nyanya."

"Nani aliyatoa? Mimi?"

Mwalimu akanigeukia. "Kijana, picha yako ikionyesha jiwe, nitaamini picha."

Nikatoa simu, nikazungusha, nikaangalia chini. Simenti tupu. Kazi ya mikono yangu.

Nyanya hakuona vizuri, akauliza, "Umelipata?"

Nikasema, picha kamili iko kwenye laptop, Voi, nitaileta Jumamosi.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili nilianza kuupika usiku uleule. Nina picha za mawe ya makaburi kutoka sehemu nyingine. Kunakili moja, kulipaka vumbi, kuliweka sakafuni, ni kazi ya nusu saa. Mwalimu angeamini, nyanya angefurahi, na mimi ningekuwa Taveta mapema. Kuna jamaa wa boda aliniahidi kunichukua palepale kanisani Jumamosi saa nane, nikapige makaburi ya zamani ya wanajeshi.

Nikafungua laptop. Nikachagua jiwe. Halafu nikakwama.

Niliweke wapi?

Nikaanza kuhesabu mabenchi kwenye picha. La saba, kulia na kushoto. Njia yote inaonekana, kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, na haina jiwe. Sehemu pekee isiyoonekana kwenye picha nzima ni ile duara niliyoiziba mwenyewe. Nikakumbuka mguu wa tripod ulivyoteleza. Nikakumbuka katoni.

Wakuu, nilisimama nikatembea chumbani kama mbuzi aliyefungwa. Jiwe sikulipiga picha kwa sababu nilisimama juu yake!

Kwa hiyo, ukijua kamera ilisimama wapi, umejua kaburi liko wapi. Na kuta hazikuvunjwa. Nguzo zipo, madirisha yapo: ni kile kidole na ukingo wa dirisha, vinapangana vilevile ukisimama kwenye mstari mmoja tu.

Jumamosi asubuhi nikapanda bila jiwe la uongo. Nikawaambia ukweli mbele ya Mwalimu, nyanya na fundi wa zege, yuleyule aliyeweka tiles: picha haionyeshi kitu, nililifuta mimi mwenyewe nilipoziba tundu la tripod, bila hata kuangalia chini.

Fundi akacheka peke yake. "Sasa umekuja kutuaga?"

Nikaomba kamba yake. Nikamwonyesha Mwalimu kwenye simu: hapa nguzo ya mbele kushoto inaziba dirisha, imebakiza ukanda mwembamba kama kidole. Tukavuta kamba kutoka pale kwenye ukanda, ikapita kando ya nguzo, mpaka sakafuni nyuma. Halafu nguzo ya nyuma kulia, inagusa fremu ya mlango. Kamba ya pili.

Mwalimu akavua miwani. "Mistari miwili ikikatana ni nukta moja. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, mwalimu. Niliacha form one."

"Sasa huko ulikosa nini?"

Kamba zikakatana juu ya tile moja, katikati ya njia. Mwalimu akasema atavunja hiyo moja tu. Ikiwa tupu, Jumatatu zege linamwagwa na hakuna mtu wa kumpigia simu tena.

Fundi akagonga. Tile ikatoka vipande. Chini, simenti. Akachimba na patasi, simenti tena. Nje nikasikia honi ya boda, jamaa wa Taveta ameshafika. Miguu yangu ilikuwa mlangoni tayari, nawaambia kweli. Ningeweza kutoka na nisirudi huko maisha yangu yote.

Fundi akaweka patasi chini. "Hakuna kitu hapa."

Nyanya Wakesho akapiga magoti. Hakuomba ruhusa. Akaingiza vidole kwenye lile shimo, akapapasa pembeni, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Hapa kuna ukingo," akasema. "Hii si simenti yako. Hii imechongwa."

Fundi akashusha taa ya simu. Kona ya jiwe, nyeusi, laini. Kamba zangu zilikosea kwa urefu wa kiganja.

Mwalimu alichukua patasi yeye mwenyewe akavunja tile ya pili, na ya tatu, na ya nne. Msalaba ukatokea. Honi ikalia tena mara mbili, kisha boda ikaondoka.

Nilidhani nyanya atalia. Akanyoosha mkono akanishika suruali, akanivuta mpaka nikapiga magoti.

"Sasa mwambie wewe ni nani."

Nikataja jina langu na la baba yangu, kwa sauti ya chini.

"Ongea vizuri! Huyu alikuwa mwashi, masikio yake yamezoea nyundo."

Nikarudia kwa nguvu, kanisa zima likarudisha mwangwi. Jina langu, jina la baba, na kambi ya mkonge nilikozaliwa.

"Haya," akasema. "Sasa piga picha yako."

Nikapiga. Jukwaa la kwaya limekatwa, linaishia kabla ya jiwe. Kwenye panorama mpya sikuziba chochote. Ukitazama chini unaona miguu ya tripod imekaa pembeni, na ncha za viatu vyangu vyenye matope. Mbaya kabisa kwa macho ya fundi wa picha. Itabaki hivyo.

Nilichojifunza ni kidogo tu: nilikuwa naona pande zote isipokuwa nilipokanyaga, na hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza kwanza. Sasa nikiingia popote, hata jengo la juzi, nauliza aliyepo: hapa watu huzunguka wapi?

Nyanya amenitafutia makanisa mengine mawili ya ndugu zake, kabla hayajawekwa tiles. Kwa hiyo bado niko hukuhuku Bura, chumba kilekile. Dirisha nimeshalizoea, miguu inawasha, na sijahama.

Wakuu, mlio na makanisa, misikiti au majengo ya kale huko kwenu: chini ya sakafu kuna nani, na nani bado anakumbuka? Wapiga picha nao waseme hilo tundu la chini wanalizibaje. Na mnaotaka kunitukana, sasa uwanja ni wenu.