Mabuti ya Bwana Harusi

Mchezo ulianza saa tisa alasiri, kwa kuwa jua likishazama hakuna aliyeruhusiwa kutembea. Ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Tulikuwa hatujacheka kwa miezi, na sasa kaka yangu, aliyeigiza bwana harusi mwenye majigambo, alikuwa jukwaani akiimba na kukanyaga mbao kwa mabuti makubwa, watu wakishika mbavu.

Mabuti yale niliyatafuta mimi. Kazi ya mavazi ilikuwa yangu, na kiburi changu kilikuwa humo humo: niliyaona sokoni kwenye rundo la mitumba, nikayachukua bila kuuliza mtu. Kwamba yalikuwa ya jeshi, na kwamba raia aliyekutwa nayo alihesabiwa adui na kupelekwa asikorudi, nilijua kama wote. Nikajiambia ni mchezo tu. Ujinga ule unanikera hadi leo.

Kwenye wimbo wa tatu, mtu wa mlangoni alininong'oneza kwamba askari wanakuja kukagua. Kaka alikuwa katikati ya jukwaa. Angekimbia, angejifichua mwenyewe.

Mama alikuwa safu ya pili. Nilimwonyesha miguu ya kaka kwa macho, kisha mlango, naye akaelewa. Akapiga vigelegele, akafungua kitenge chake cha juu, akapanda jukwaani na kukitandaza chini, kama wanawake wetu wanavyomtandazia mtu wa heshima apite. Wenzake hawakuuliza kitu. Vitenge vikatandazwa, vingine vikazungushwa kiunoni mwa kaka, wapiga ngoma wakaongeza mwendo, na katikati ya vurugu ile ya furaha mama akapiga magoti miguuni pa kaka. Aliposhuka, kaka alikuwa peku, bado anaimba, na mama alikuwa na "mtoto" mgongoni.

Mlango ulikuwa mmoja. Nilimshika mama mkono, tukauendea. Askari kijana alikuwa ameshasimama pale na bunduki yake.

"Mama, mutoto iko mugonjwa?"

"Hapana, chef," mama akamjibu, akimwita mkuu kama askari wapendavyo. "Iko nalala. Muziki imemuchokesha."

Akanyoosha mkono, akampapasa mtoto. Niliona vidole vyake vikikwama kwenye soli ngumu. Mama hakugeuka, ila jasho lilimtiririka shingoni, na mimi niliogopa kiasi cha kutaka kupiga kelele ili mambo yaishe tu.

Kijana alichungulia nje, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mufunike muzuri, mama. Mukubwa wetu iko nakuya."

Mama akavuta kitenge, akafunika kisigino cha buti kilichochomoza. Kwenye ngazi tulikutana na huyo mkubwa, naye akasogea pembeni kwa adabu kumpisha mwanamke mwenye mtoto. Hatukukimbia. Ndani, kaka yangu aliendelea kuwachekesha watu, asijue kama mama yake amevuka mlango.