Haihati Niliyoianika Juani

Nyumbani tulikuwa watatu, na wa nne hakai kwetu. Wa kwanza mimi mwenyewe. Wa pili mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, niliyekaa naye tangu mama yake alipoolewa tena akahamia Pemba. Wa tatu wifi yangu, dada yake marehemu mume wangu, anayekaa chumba cha chini karibu na mlango mkubwa. Mjukuu humwita yeye Bibi wa Chini na mimi Bibi wa Juu. Wa nne ni bwana mmoja wa Kiembe Samaki, si ndugu yetu. Baba yake alitoka bara kuja kufanya useremala hapa Unguja, na yeye mwenyewe hupiga ngoma kanisani kwao. Majina yao yote nnayo, na ya baba zao, na la paka aliyekuwa amelala juu ya zulia. Lakini mjukuu kaniambia, Bibi, ukiandika usimtaje mtu jina, siku hizi watu hawapendi. Haya, sitaji. Mimi nilisoma chuoni, Kurani, na madarasa matatu tu ya skuli, kwa hivyo ntaandika kama nnavyosema.

Mjukuu wangu anapiga ngoma za umeme. Ngoma hizi hazina ngozi. Ni visahani vya mpira vimefungwa kwenye vyuma, kila kimoja kina waya wake unaokwenda kwenye kisanduku, na kisanduku ndicho kinachotoa sauti. Ukivaa vile vya masikioni unasikia harusi nzima; asiyevaa anasikia tok tok tu, kama mtu anakatakata bamia. Ndiyo maana nikakubali ziingie ndani. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimeegemeana, na msikiti uko ukuta wa pili.

Katika ngoma zake kulikuwa na kitu kimoja kilichomsumbua tangu mwanzo. Ngoma za kawaida zina sahani mbili zinazokaa moja juu ya nyingine. Mguu ukikanyaga zinafumbana, ukiachia zinaachana. Wao wanaita haihati. Sisi kwenye ngoma zetu tulikuwa na upatu, sahani ya shaba, unapigwa kwa kijiti na kunyamazishwa kwa kiganja. Basi haihati ni upatu unaonyamazishwa kwa mguu, mimi ndivyo nilivyoelewa na mjukuu akanikubalia. Sasa yeye ngoma zake zilikuja na sahani moja iliyoganda, haiendi juu wala chini, na pedeli iko mbali sakafuni, imeungwa kwa waya tu. Unakanyaga huku, kisanduku kinajifanya kimefumba kule. Pedeli yenyewe nyepesi kama kukanyaga kandambili.

Kabla ya Ramadhani alikwenda kujaribiwa na bendi moja, wakamrudisha. Walimwambia mikono anayo, mguu hana. Siku mbili hakula vizuri. Kisha ikatokea bendi nyingine, inapiga kwenye hoteli Kendwa, na hoteli haitaki kelele kwa wageni wanaokula, inataka ngoma za umeme zinazopunguzika sauti. Wakamwambia aje Jumamosi na ngoma zake. Alinikalia kitako pale jikoni akasema, "Bibi, na hii nikikosa nnaviuza vyote. Ntabaki na duka la dawa." Kazi ya duka la dawa si mbaya, lakini nilimwona uso wake alipokuwa akisema.

Basi ikawa ni kutafuta haihati ya kweli, yenye kucheza chini ya mguu. Alitafuta kwenye simu. Mpya inaagizwa Dar, na bei yake ni bei ya friji. Akapata nyingine ya bei nafuu, sahani mbili nzuri kwa macho, lakini muuzaji hakuweza kumwambia kama itasikilizana na kisanduku chake, maana si kila sahani inasikilizana na kila kisanduku. Akaiacha. Ndipo akaambiwa habari za yule bwana wa Kiembe Samaki, anauza yake aliyokwisha kuitumia.

Tulikwenda Jumapili, baada ya bwana yule kutoka kanisani. Mimi nilifuatana na mjukuu kwa sababu haipendezi mtoto wa kike kwenda peke yake nyumba asiyoijua. Bwana yule alitupokea vizuri, akaniambia "Shikamoo, Bi Mkubwa," nikamjibu marahaba, mkewe akatupa maji ya ukwaju. Mjukuu alikuja na kisanduku chake ndani ya kikapu, akachomeka waya palepale, akakanyaga, akapiga. Ikasikilizana. Nilimsifu moyoni, alikuwa kama mtu aliyekwenda dukani na kufuli yake kutafuta ufunguo.

Haihati yenyewe ilikuwa sahani moja ya mpira mweusi, pana kama kawa la kufunikia chakula, inakaa juu ya stendi ya chuma yenye pedeli, na chini yake kuna kitu cha duara kinachohisi sahani inaposhuka. Bwana yule alitufundisha. Unalegeza skrubu ya juu, unaiacha sahani ijilalie juu ya kile cha chini, unabonyeza kisanduku nacho kinajifunza kwamba hapo ndipo imefumba. Kisha unaiinua kiasi cha kidole kimoja, unakaza.

"Lakini usiikaze sana," alisema. "Iache ichezecheze. Ukiibana haitasema."

Moyoni nilicheka. Ngoma gani hiyo inayosifiwa ulegevu.

Hapa lazima niseme tulikolelewa mimi na wifi yangu. Tumepiga tari, ngoma za mkononi za ngozi ya mbuzi, miaka na miaka, arusi za mjini na za shamba, yeye tari na mimi tari, na siku nyingine mimi mkwasa, vile vijiti viwili vifupi vya kugonganisha. Siku ya arusi, baada ya adhuhuri, tari zinapangwa juani mpaka ngozi ikakamae. Ukiigonga kwa ukucha inalia tin, unajua imeamka. Tari isiyoanikwa ni aibu ya kikundi kizima. Bibi mmoja wa kikundi chetu, jina lake nnalo, alikuwa haruhusu mtu kugusa tari ambayo hakuiona juani kwa macho yake.

Jumatatu jioni mjukuu aliifunga haihati. Alikunja zulia kuukuu likakaa chini ya stendi isiteleze, akazungusha sahani mpaka alama yake ikamwelekea yeye, waya akauacha na ulegevu kidogo usije ukavutwa. Alipomaliza alinivika vile vya masikioni. Nikasikiliza. Nikaona sauti iko, lakini imelala. Sikumwambia. Nikajisemea, kesho ntamsaidia.

Jumanne kaenda kazini. Mimi nikaifungua ile skrubu, nikaitoa sahani, nikapanda nayo juu ya paa tunapoanika nguo, nikailaza juu ya mabati ya kibanda cha tangi la maji. Nilikusudia nusu saa. Mara wifi yangu kaniita toka chini, kaletewa mchele wa hitma anataka tuuchague pamoja. "Naam," nikashuka. Mchele ulikuwa na mawe mengi na maneno yetu yalikuwa mengi zaidi. Nilipokumbuka, adhuhuri ilikuwa ishaadhiniwa.

Sahani ilikuwa ya moto kama chuma cha kuchomea chapati. Niliishika kwa upindo wa khanga. Nikaipangusa, nikairudisha kwenye stendi, na kwa wema wangu nikaikaza ile skrubu kwa nguvu zangu zote.

Alasiri mjukuu karudi. Siku ile alichomeka spika ndogo ili na sisi tusikie. Akakanyaga, akapiga, ikatoka tssss. Akakanyaga tena kwa nguvu, tssss. Haifumbi. Kila akipiga ni tssss.

Wifi yangu alisikia toka chini akauliza kwa sauti, "Mke wa kaka, mnakaanga samaki changu huko juu?"

Mjukuu hakucheka. Alilegeza skrubu, akaifundisha upya, akachungulia kwa upande. Sahani ilikuwa imejipinda. Ukingo mmoja umenyanyuka kama kawa lililokaliwa vibaya, haigusi tena kile cha chini inavyotakiwa. Nilimwona anakaa kwenye kigoda chake, vijiti mapajani, anahesabu siku kwa macho. Kisha akachukua simu.

"Yule bwana kaniuzia kibovu," akasema. "Juzi kaificha vipi hata sikuona? Na mtu wa kanisani. Ntamwambia maneno ambayo hajapata kuambiwa."

Kidole chake kilikuwa kwenye namba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Ningeweza kunyamaza, wallahi. Angemgombeza, angerudishiwa pesa zake au asingerudishiwa, na mimi ningebaki bibi mwema. Lakini mkewe alitupa maji ya ukwaju, na yeye aliniamkia vizuri.

"Weka simu," nikamwambia. "Ni mimi. Niliianika."

"Uliianika?"

"Juani. Ipate kuamka."

Nikamweleza yote, mabati, mchele, skrubu. Chini kukawa kimya, nikajua wifi yangu anasikiliza. Mjukuu akafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe mwanzo alikuwa analia kweli, kisha ikageuka kicheko, kisha ikarudi kulia. "Bibi, ule ni mpira," akasema. "Hauna ngozi ya mbuzi ule."

Nikamwambia nnajua sasa.

Mwishowe alimpigia yule bwana, lakini kwa adabu, akiuliza tu mpira uliopinda unanyooshwaje. Bwana akataka kujua umepindaje. Mjukuu akasema umepigwa na jua. Bwana akauliza jua limeingiaje chumbani, nikachukua simu nikamwambia mwenyewe. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema mama yake mzazi naye aliwahi kuosha gitaa. Akatufundisha: uipashe joto kidogo tu, uibane katikati ya vitu viwili bapa, na usiiachie mpaka ipoe kabisa.

Jumatano asubuhi mjukuu aliomba ruhusa kazini. Tukatoa masinia mawili ya biriani, yale mazito. Tukaiweka sahani katikati, tukaipeleka juani robo saa kwa saa ya simu, si kwa kukisia kwangu. Kisha tukaishusha chumbani kwa wifi yangu penye baridi, tukaweka jiwe la kusagia juu. Sinia bado ilikuwa inanyanyuka upande mmoja.

Wifi yangu ni mtu wa mwili, na hajali kuambiwa. Akatazama, akaweka mto juu ya sinia, akaondoa jiwe, akakaa yeye.

"Nshakalia mengi katika nyumba hii," akasema. "Sahani ya muziki bado."

Nikamwambia asijitikise. Akanijibu kwamba aliyeharibu hana haki ya kutoa amri, kwa hivyo nimletee chai na mkate wa mofa. Nikampelekea. Alikaa pale kama malkia, akatuma na tui liongezwe kwenye mchuzi, na mimi siku ile kila alilolisema nikafanya.

Wakati sahani imekaliwa, mjukuu alibaki na stendi tupu. Akaketi akakanyaga pedeli bila sahani, juu chini, juu chini. Nikaona mguu unakimbia mbele ya hesabu, kama mtu aliyechelewa. Nikaenda kabatini nikatoa mkwasa wangu, nikakaa mbele yake nikaanza kugonga. Sikumfundisha neno. Niligonga tu, polepole, naye akafuata. Wifi yangu akajiunga kwa makofi toka chini, juu ya sinia yake. Tulikwenda hivyo mpaka laasiri, na Alhamisi tena, na Ijumaa baada ya sala.

Sahani ilinyooka, si kama mwanzo. Ukingo ulibaki umenyanyuka kidogo sana, upana wa punje ya mchele. Mjukuu aliugeuzia upande wa mbali, ambako kijiti hakifiki, akakifundisha kisanduku upya, akainua kiasi cha kidole, akaikaza kidogo ichezecheze. Akakanyaga. Chik. Akaachia. Tssss. Chik. Wifi yangu toka chini akasema changu ameiva.

Jumamosi gari la bendi lilimchukua mapema. Mimi nilishinda na tasbihi. Alirudi Jumapili asubuhi, akaweka kisanduku chini, akavua viatu taratibu kwa makusudi, anajua nnavyochukia kungojeshwa.

"Haya, sema."

"Kila Alhamisi na Jumamosi," akasema. "Kiongozi wao kaniuliza nani kanifunza mguu. Nikamwambia mabibi zangu wawili, mmoja alikuwa amekalia sahani." Kiongozi hakufahamu, na mjukuu hakumweleza.

Sasa ana mfuko wa kitambaa cheusi wa kubebea ile haihati, kaushona mwenyewe, na juu yake kaandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa hata mimi nnaisoma bila miwani: USIANIKE. Mfuko unaning'inia nyuma ya mlango wangu. Kauweka pale makusudi, nnajua.

Hivyo ndivyo nnavyokumbuka. Wifi yangu nshamsomea, anasema alikaa juu ya sinia tangu saa tano mpaka laasiri bila kuinuka. Mimi nasema aliinuka mara moja kumfukuza paka. Anasema pia mchele ulikuwa wake na mawe yalikuwa machache. Mjukuu anasema siku aliyoomba ruhusa ilikuwa Jumanne, na hapo ananichanganya, maana kama ni hivyo basi nilianika Jumatatu. Aliyekuwepo, au jirani aliyesikia ile tssss dirishani, akiona nimekosea siku au mtu, anambie. Mlango wa chini uko wazi mpaka magharibi, apige hodi, wifi yangu atamfungulia na atampa maneno yake kwanza.