Kidole cha Mama na Piko ya Jana

Harufu ya piko, ile rangi nyeusi tunayowachorea maharusi, wengine huwakera. Mimi hunifurahisha na kunitia aibu kwa pamoja. Juzi nilipokuwa nampaka mjukuu wa Bi Raya, nilikiacha kitupu kidole chake kidogo cha kushoto, msichana akaninunia. Basi nikamsimulia kisa hiki, na nyinyi nawasimulia.

Nilikuwa na miaka minane, tunakaa Mji Mkongwe, na mlango wa Bi Raya ulitazamana na wetu. Yeye na mama walikua pamoja, wakiazimana hata vyungu. Siasa zilipopamba moto kila mmoja akashika upande wake, wakaacha hata kuamkiana. Bi Raya akaanika kanga yake, maandishi yakielekea dirishani kwetu: "Kelele za mlango hazinikoseshi usingizi." Mama naye akashinda sokoni Darajani kutwa nzima akitafuta kanga ya kumjibu.

Alasiri ya kuamkia siku ya uchaguzi, nilimsumbua mama barazani anipe mkono nijifunze kupaka piko, kwani harusi ya mama mdogo ilikuwa karibu. Mwenyewe alikuwa anachambua mchele.

"Haya, chukua hicho kidogo cha kushoto," akasema, "na vyengine usiniguse."

Nikakipaka ncha nzima, kucha na ngozi, kama mtu anayetia lami. Nikajiona fundi.

Alfajiri yake tulikuwa skulini penye kituo cha kura, kwenye foleni ya wanawake. Jua likapanda, mabuibui yakatoa harufu ya udi na jasho, na foleni ikawa haisogei. Mama alikataa hata kukaa, asije akapoteza nafasi. Kadi yake alikuwa ameificha kifuani, na kila mara akiigusa kuhakikisha ipo. Bi Raya alikuwa nyuma yetu, watu wawili tu, akitazama ukuta.

Mlangoni karani akamwambia mama aoneshe vidole. Akakiona kile cheusi, na ndicho kinachotiwa wino wa waliopiga kura.

"Mama, wewe ushapiga kura. Toka kwenye foleni."

"Si wino huo, mwanangu. Piko hiyo."

Karani akakisugua kwa kitambaa. Rangi haikutoka hata chembe, na jana yake hilo ndilo nililokuwa nikijisifia. Foleni ikaanza kunung'unika, mmoja akasema wengine hawana haya. Mama, ambaye sikuwahi kumwona akilia, machozi yakamlengalenga. Nilikuwa nimemharibia siku aliyoingojea miaka mitano.

"Piko hiyo." Alikuwa Bi Raya. "Kapakwa na mwanawe huyu, jana alasiri, barazani kwao. Nlikuwa nnawaona. Na hapa tangu alfajiri hajatoka, mie nipo nyuma yake."

Mwanamke mmoja wa mtaani kwetu akacheka. "We Bi Raya, huyo si wa upande wako!"

"Nnajua," akajibu. "Piko ni piko."

Karani akaangalia daftari, akaona jina la mama halijatiwa alama, akampisha. Wino akautia kidole chengine.

Mama alimngojea Bi Raya getini. Alipotoka, mama akamwambia ahsante.

"Usinshukuru," Bi Raya akasema. "Kura yangu nshaitia, na yako nshaifuta. Lakini yako ilitakiwa iwemo kwanza."

Wakacheka, mama akicheka huku akijifuta machozi, tukarudi nyumbani pamoja.

Siku ile nilimshukuru Bi Raya kwa kuniepusha na bakora tu. Ukubwani, nilipoanza kusimama foleni mwenyewe, ndipo nilipofahamu kwamba angeweza kunyamaza. Asingesema uongo wowote, na upande wa mama ungepungukiwa na kura moja. Namshukuru mpaka leo, na naona bado sijamshukuru ipasavyo.

Mjukuu wake alikitazama kidole chake kitupu kwa muda. Harusi yake ilikuwa kesho yake, na uchaguzi wiki inayofuata.

"Kiache hivyo hivyo," akasema.