Viatu vya Kuvukia Uwanda wa Miiba

Watu wa bonde letu wakimtaja Kolfinna wa Skard husema "yule mama wa viatu, mtakatifu yule," kisha huinamisha vichwa. Nawasikia nanyamaza, maana nikiwajibu tutaharibiana siku. Mimi ndiye niliyewakamua ng'ombe wake tangu usichana wangu mpaka alipokata roho, na mdomo huu haujawahi kujua kumpamba mtu. Kolfinna hakuwa mtakatifu. Alikuwa mama wa nyumba kama wengine, mkono wake mgumu kidogo kwenye siagi, na viatu vyote hivyo mnavyovisifu alivishona kwa sababu alikuwa anaogopa.

Siku mambo yalipoanza ilikuwa ya vuli, wanaume wengi wamepanda milimani kukusanya kondoo. Akaja mlangoni mwanamke wa makamo, mwembamba, nguo imechakaa, miguuni amejifunga matambara. Jina lake Grima. Alikuwa amefiwa na mume huko pwani, akatolewa shambani, sasa anakwenda ng'ambo ya Uwanda wa Mawe ambako dada yake ameolewa.

"Mama mwenye nyumba," akasema, "naomba unisaidie viatu."

Thorbrand, mume wa Kolfinna, alikuwa ndani na goti lake bovu. Akapaza sauti, "Chakula asipewe! Sheria iko wazi, mzururaji halishwi."

"Sijaomba chakula, mzee wangu," Grima akajibu kwa upole. "Nimeomba viatu. Viatu sheria haijavikataza."

"Ana mdomo huyu," Thorbrand akasema, akacheka, na Grima alikuwa anasema kweli, ndiyo sheria yetu ilivyo.

Sasa juu ya boriti, karibu na moto, palikuwa pananing'inia jozi ya viatu vya ngozi ya ng'ombe. Vipya, vimeshonwa vizuri, kamba zake za sufu nyekundu. Kolfinna alikuwa amevimaliza jana yake, vya kuvaa kwenye harusi ya binamu yake. Kolfinna akaviangalia. Grima naye akaviangalia.

"Na vile?" Grima akauliza.

"Vile vya mume wangu."

Jamani, Thorbrand alikuwa na miguu kama makasia! Hata kipofu angepapasa vile viatu angejua ni vya mwanamke. Grima hakubisha. Kolfinna akaingia stoo, akatoka na jozi ya viatu vya ngozi ya samaki, akampa. Grima akamwombea heri, akaondoka.

Sisi hapa njia za juu tunazipima kwa viatu vya ngozi ya samaki, kwa jozi ngapi utazimaliza kabla hujafika upande wa pili. Uwanda wa Mawe unakula jozi nne, na hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Kolfinna alitoa moja.

"Atapata vingine Hjalli," akaniambia, ingawa mimi sikuwa nimemuuliza kitu. Hjalli ni nyumba ya mwisho kabla ya kupanda.

Hjalli hapakuwa na mtu. Wote walikuwa kwenye kondoo, mlango umefungwa kwa kamba. Grima angeweza kurudi, lakini arudi kwa nani? Akapanda. Theluji mwaka ule iliwahi. Wakusanya kondoo walimkuta chini ya mwamba, yu hai, na viatu vya Kolfinna vilikuwa vimebaki kamba tupu kwenye vifundo. Nyayo zilishakuwa nyeusi. Walimshusha hadi Hjalli wakamkata miguu yote miwili, kwa shoka lililochomwa motoni.

Habari ilipotufikia, Kolfinna alikuwa anasukasuka maziwa. Akauliza, "Yu hai?" Wakamwambia yu hai. Akasema, "Mungu ashukuriwe," akaendelea kusukasuka mpaka siagi ikapitiliza ikaharibika. Harusi ilikuwa imeshapita. Vile viatu alikuwa ameshachezea ngoma usiku kucha.

Labda yangeishia hapo, maana binadamu husahau. Lakini Kwaresima ile Padri Eyolf alirudi kutoka kwa askofu na kitabu, na Jumapili baada ya misa akatusomea. Palikuwa na mtu alilala kama maiti, jamaa wakamlilia, kisha akaamka akasimulia alikopelekwa. Kabla ya mto wa moto, kabla ya daraja jembamba, roho hufika kwenye uwanda mpana ulioota miiba mitupu, hauna njia ya kuuzunguka. Aliyempa maskini viatu duniani huvikuta pale mwanzo vinamngoja. Ambaye hakutoa, anavuka pekupeku.

"Na hakuti vingine," Padri akasema, akiinua kidole. "Ni vilevile alivyovitoa. Vizuri kwa vizuri, vibovu kwa vibovu."

Kolfinna alikuwa amesimama kando yangu. Alinishika mkono akaubana hadi kucha zikaingia. Akilini mwake najua aliona jozi moja ya ngozi ya samaki kwenye uwanda usio na mwisho.

Alikwenda kuungama siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nje namngoja na farasi, na ukuta wa kanisa letu ni wa nyasi na udongo, husikii usipotaka kusikia tu. Alieleza yote, hata uongo wa "vile vya mume wangu." Padri akampa kufunga na sala, akamwondolea dhambi.

"Asante, Padri," akasema. "Dhambi imeondoka. Na miiba?"

"Hiyo ni adhabu ya toharani, binti yangu. Ipunguze kwa matendo mema."

Basi ndiyo mwanzo wa viatu. Hakupita maskini Skard, nyumbani kwetu, akatoka pekupeku tena. Ngozi ya ng'ombe, ngozi ya farasi, hata ngozi ya sili ikipatikana. Alishona akiwa na homa, alishona na vidole vimepasuka. Thorbrand akalalamika, "Mke wangu, utaishia kunichuna na mimi." Yeye akaendelea kushona. Vile vya kamba nyekundu alimpa ombaomba wa kwanza aliyetokea, akamwangalia hadi akapotea kilimani, kisha akarudi ndani na uso uleule aliotoka nao.

Maana mdai wake alikuwa mmoja tu, na huyo hakuwa na miguu.

Grima alikuwa mzigo wa bonde zima, anahamishwa nyumba hadi nyumba kwa zamu, amewekwa juu ya farasi kama gunia. Kolfinna akaomba akae Skard moja kwa moja. Majirani walikubali kabla hajamaliza sentensi. Tukampa kitanda mkabala na cha Kolfinna, karibu na moto, palepale chini ya ile boriti.

Jioni ya kwanza Kolfinna akapiga magoti mbele yake. "Dada, niruhusu nikushonee viatu. Vya ngozi nzuri kuliko zote."

Grima akamtazama. "Nivivae wapi, masikioni?"

Sote tulicheka, ukweli ni huo. Kolfinna peke yake hakucheka. Na tangu siku ile Grima, maana habari za ile harusi zilishamfikia, akambandika jina: Mama Harusi. "Mama Harusi, nipitishie maziwa mgando." "Mama Harusi, moto unazimika." Hakusema kwa hasira. Alisema kama unavyomwita mtu jina lake, na kila alipolitamka Kolfinna aliitika. Hakuwahi kumwambia aache.

Alimhudumia, hilo sitalificha. Alimbeba mgongoni kila Jumapili kwenda kanisani, wakati farasi wapo. Nikamwambia, "Mama, unajiua bure, mweke juu ya farasi." Akasema, "Farasi hakumnyima kitu." Walibebana hivyo miaka mingi, wakigombana njia nzima. Grima analalamika anatikiswa, Kolfinna anamwambia ale kidogo. Mara moja moja alirudia ombi lake la viatu, naye Grima alirudia jibu lake. "Niombe chochote. Viatu hapana."

Nilimchukia Grima kwa hilo, wakati mwingine. Mwenzako anaomba miaka na miaka, wewe shingo ngumu! Halafu namwona anavyojikokota sakafuni kwa mikono kufuata kijiko, chuki inaniisha.

Thorbrand alikufa. Kolfinna naye akazeeka, na majira ya kuchipua nyasi kifua kikamlemea. Padri Eyolf, mzee sasa, akaja kumpaka mafuta. Alipomaliza, Kolfinna hakutulia kama wanavyotulia watu. Alikuwa anasogeza nyayo zake chini ya blanketi.

"Padri, nimetoa viatu vingi," akasema. "Lakini vya kwanza nitakavyovikuta ni vile. Navijua. Navisikia miguuni sasa hivi."

Ndipo Grima akainuka kwenye kitanda chake.

"Padri. Mimi huko nitakwenda na vigutu hivi?"

"La, hapana. Yule mtu wa kitabuni aliona roho zinatembea. Na siku ya ufufuo hakuna kigutu, hata unywele mmoja hautapungua."

Grima akachezea ncha ya blanketi. Nilidhani ameridhika tu na habari njema yake. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu, "Basi nitakuwa na miguu, na itakuwa mitupu, maana mimi sikuwahi kuwa na viatu vya kumpa mtu. Mama Harusi, nishonee."

Sijawahi kuona mgonjwa akiketi vile. Akanituma ngozi ya ng'ombe, ile nene ya mgongo, sindano na uzi wa kano za ng'ombe. Nikampa. Akaitandaza mapajani, akashika kisu, akasita.

"Mguu wako ulikuwa kadiri gani?"

Siku ile mlangoni Kolfinna hakuutazama. Alivitazama vile viatu vya ngozi ya samaki stoo, akachukua jozi iliyokuwa juu. Machozi yakamtoka, akasema, "Sijui hata kipimo chako. Nimekubeba miaka yote hii na sijui."

"Pima wako," Grima akasema. "Tulikuwa sawa. Vile vya harusi vingenienea."

Kolfinna akaweka mguu wake juu ya ngozi, akauzungushia kisu, analia kwa sauti bila aibu. Akashona siku ile na kesho yake, mishono midogo iliyokazwa kama zamani. Kiatu cha kwanza kilipokwisha alimwekea Grima mkononi. Cha pili alikikata tu. Asubuhi nilimkuta ameegemea ukuta, amekufa, sindano imechomekwa kwenye ngozi.

Tulipokuwa tunamwosha, Grima akaomba apewe ile ngozi. Akaketi akaishona mwenyewe. Hakuwa fundi, alijichoma, akatukana, mishono ikaenda kombo. Alipomaliza akaniita.

"Mvishe hiki mguuni."

"Na kile kingine?"

"Kile changu, alinipa yeye. Hiki nampa mimi."

Nikamvisha. Kaburini upepo ukafunua sanda na Padri akakiona. Kuwavisha wafu viatu ni mambo ya wapagani, alishatukataza mara nyingi. Akafungua mdomo. Grima alikuwa mgongoni kwangu, maana sasa mimi ndiye nimekuwa farasi, akamwahi.

"Padri, usinikemee. Nimempa maskini kiatu. Maskini mwenyewe huyo hapo."

Padri akaangalia kile kiatu kilichoshonwa vibaya, kisha akachovya mkono kwenye maji ya baraka akamnyunyizia, akaendelea na sala.

Njiani kurudi sikuweza kujizuia. "Dada Grima, nisamehe, lakini katika mlivyopeana, yeye kiatu kimoja, wewe kiatu kimoja. Kwenye miiba yote ile mtafika wapi?"

Tukavuka kijito. Nilisikia kidevu chake kimetulia begani kwangu.

"Anisubiri pale mwanzo," akasema. "Ameshazoea kunibeba."

Nikamkaza vizuri mgongoni, tukaingia nyumbani kukamua.